Moto Niliokusomea Miaka Tisa

Mume wangu Baba Anjela,

Nimesema. Naanza na hilo ili usije ukalisikia kwa mtu mwingine, maana Waluguru hata wakiwa huko uliko najua hawajaacha kupelekeana habari. Lile jambo uliloniomba nisimwambie mtu, nimelisema. Nimemwambia Skola, nikamwambia Anselmi, na mwisho nikalisema mbele ya watu wenye tai, kwenye chumba chenye baridi ya mashine kule Dar es Salaam. Sijutii hata kidogo. Ukitaka kukasirika, kasirika kwanza, ukimaliza unisikilize mpaka mwisho, kwa sababu tumeshinda.

Barua hii anaiandika Skola mwenyewe, mtoto wa Anjela wetu, yule uliyekuwa unambeba mabegani kumpeleka mtoni. Mimi nasema, yeye anaandika, kwa kuwa mimi kalamu unajua hatukuwahi kujuana. Nimemwonya asitie sukari. Pale nitakapomsema yeye, aandike hivyohivyo. Na nimetaka iwe barua ya kusomwa na yeyote. Kufunga mlango tulifunga miaka tisa, inatosha.

Unakumbuka ilivyoanza? Mashamba yanaandaliwa, watu wamekuagiza majembe mlima mzima, na mpwa wako Anselmi ameshakukimbia. Ulimfundisha tangu hajabadilisha meno. Yeye ndiye aliyestahili nyundo yako, mtoto wa dada yako, kwa sababu kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ufundi wa ukoo wako haukuwa wa kuachiwa wanao uliowazaa kwangu. Naye akashuka mjini, Mafiga, kuchomelea mageti ya watu wenye magari. Ukabaki wewe na macho yako. Na macho yenyewe yalikuwa yameingia ukungu kwa kuutazama moto tangu ujana. Vivuli uliviona, nyundo ilijua njia yake, ila rangi ya chuma hukuiona tena. Mhunzi asiyeona rangi hana tofauti na mtu anayegonga sufuria.

Siku ile uliharibu majembe matatu. La kwanza ulilipiga limeshapoa, likapasuka. La pili ulilisahau motoni mpaka likaanza kutoa cheche, likaungua kama muhogo. La tatu sijui ulilifanya nini. Mimi nilikuwa nje, kwenye lile jiwe ambalo wanawake tuliruhusiwa kufika, tuweke ndoo ya maji tuondoke. Mwanamke akivuka kizingiti cha banda, chuma kinaharibika. Ndivyo tulivyokuta, ndivyo tulivyoishi. Nimeweka ndoo, nageuka, nikakusikia unalia. Mwanamume mzima, mikono kama magogo, unalia kwa sauti ndogo kama mtu anayeficha kikohozi.

Nikavuka.

"Nani huyo?" ukauliza.

"Aliyeleta maji."

"Toka, Mama Anjela. Utaharibu chuma."

"Chuma kipi? Hiki ulichokwisha kukiharibu mwenyewe?"

Mimi nikafunga mlango, nikashika mivukuto ya kupulizia makaa.

Majina ya rangi za moto sikuyajua, na wewe hukuwa na macho ya kunionyesha. Tukaazima jikoni kwangu. Chuma kikianza tu kuiva, nikasema maini. Kikizidi, nyanya mbivu. Halafu papai. Halafu ua la boga, ile njano ya asubuhi kabla nyuki hawajaamka. Na mwisho kabisa sembe, nyeupe, na hiyo ulikuwa unaiogopa kuliko nyoka, maana baada ya sembe chuma ni cha kutupa. Basi ikawa wimbo wetu.

"Rangi, Mama Anjela?"

"Maini."

"Vuta."

"Nyanya."

"Vuta, usilale!"

"Alale nani? Papai."

"Taratibu sasa."

"Ua la boga. Piga!"

Ukapiga. Yesu na Maria, ulivyokuwa unapiga! Jembe la kwanza tulilolifanya hivyo bado ninalo, lipo nyuma ya mlango ninavyosema haya.

Nilikosea pia, siwezi kujifanya sikukosea. Lile jembe la katekista, nililokuambia papai nawe ukakaa unasubiri, mara likaanza kurusha cheche. Ulilitupa chini, ukaniuliza kwa hasira, "Uliangalia wapi?" Nikasema nimeangalia jembe, kwani nilitakiwa kuangalia mbuzi? Ndipo uliponivuta mkono ukanipeleka kwenye tundu la mpini. "Angalia humu ndani. Uso wa chuma una magamba, una majivu, mahali pengine umesuguka unang'aa, kila mahali panasema la kwake. Tundu halina uso wa kukudanganya." Nikainama, nyusi zikaungua kidogo. Na kweli, Baba Anjela. Jembe ni hilohilo, moto ni huohuo, nje papai, ndani ya tundu ua la boga. Nilidhani nimelogwa.

Tangu siku hiyo sikuangalia tena uso wa chuma. Ukanifundisha na joto linavyotembea. Ukibandika punje za nta kwenye kipande cha chuma, ukachoma ncha moja, unahesabu jinsi zinavyoanguka. Chuma cha nondo zinadondoka haraka, chuma cha springi ya lori zinajivuta. Ukasema springi ndiyo ya jembe la kulimia penye mawe. Nikajua yote hayo, mimi ambaye sikujua hata shule ina milango mingapi.

Watu wakasema nini? Wakasema mhunzi wetu macho yameharibika lakini anausikia moto kwa masikio. Mlango umefungwa, wanasikia nyundo, jembe linatoka zuri kuliko zamani. Hata padri alikutaja kwenye mahubiri, mtu aliyepewa jicho la ndani. Jicho lenyewe la ndani lilikuwa limekaa upande wa akina mama, benchi la nne, linasema amina.

Sikuona uchungu. Hilo nataka ulijue. Nilicheka tu kwenye khanga.

Siku ya mwisho yako, asubuhi ile ya mvua, ulinishika ukaniambia, "Usiseme. Watasema majembe yangu ni ya mwanamke. Na ukoo wangu watasema nimeutoa ufundi nje. Waache wote wafe kwanza." Nikakujibu, "Wote wakifa nitamwambia nani?" Ukacheka mpaka ukakohoa. Lakini nikaahidi. Nikafunga banda, ufunguo nikautundika kwenye msumari wa rozari, nikaushika mdomo wangu miaka kumi na moja. Mdomo huu! Mtu yeyote anayenijua atakuambia hiyo ni kazi kubwa kuliko kufua jembe.

Sasa Skola.

Mtoto alisoma Kilakala, akaendelea mbele, akaenda chuo Dar. Kila nikimuuliza anasoma nini ananiambia, "Metali kwenye joto kali sana, Bibi." Nikasema basi si ungebaki hapa nyumbani. Akaja akanieleza vizuri. Ana kipande cha metali, nikeli, kijivu, kirefu kama kidole. Anakifungia kwenye chombo kilichonyonywa hewa yote kisiungue. Anapitisha umeme mwingi katikati yake mpaka kinawaka. Kisha anapima mambo mawili: umeme unapita kwa shida kiasi gani, na joto linakimbia kwa kasi gani kutoka ncha hadi ncha. Anasema chuma kikizidi kuwaka umeme nao unazidi kupata tabu kupita. Nikamwambia hilo nalielewa, ni kama mimi na huu mlima. Na joto lenyewe hagusi, atashikaje? Ana kifaa kama darubini, kinatazama mwanga wa chuma kwa mbali na kinataja kimewaka kiasi gani.

Nikashtuka. Kifaa kinatazama mwanga wa chuma. Moyoni nikasema, hiyo kazi naijua, niliifanya bila darubini.

Akaja masika hii bila kuniarifu. Amekonda, suruali inamning'inia. Akakaa jikoni kwangu, akafungua leso, ndani kuna tone la chuma lililoyeyuka likaganda, kama ute wa yai.

"Ndiyo miaka yangu mitatu, Bibi."

Nikeli ile inajulikana vitabuni inayeyuka kwenye joto gani. Lakini yake kila akiipasha, inayeyuka wakati darubini inasema bado, bado sana. Wamekagua darubini mara tatu, nzima. Wamekagua metali, safi. "Wanasema ni mkono wangu. Kamati imenipa nafasi moja ya mwisho. Nikikosa, yote yanatupwa, narudi nyumbani mikono mitupu." Na umeme alikuwa anaupima sawasawa kabisa! Ila kila namba ya umeme imeandikwa kwenye joto lisilo lake, kama mtu aliyevisha watoto wa jirani viatu vya wanawe, hakuna hata kimoja kinachoenea.

Nikamwomba anionyeshe kipande kizima. Akatoa kingine mfukoni. Baba Anjela, kilikuwa kinang'aa, niliona meno yangu yaliyobaki.

"Mbona kinang'aa hivi?"

"Nimekisugua. Msasa kwanza, halafu kitambaa, siku mbili. Si wewe ulinifundisha?"

Nilikaa chini. Ni kweli, ni mimi. Akiwa mdogo, kila Ijumaa nilimketisha na mchanga wa mtoni asugue majembe ya kupeleka sokoni kesho yake. Nilimwambia chuma kisichong'aa hakipelekwi mbele za watu. Wenzake pale chuo wanaisafisha metali yao wanaendelea. Wa kwetu peke yake ndiye aliyekaa siku mbili anaipamba kama bibi harusi. Na chuma kinachong'aa, wewe na mimi tunajua, ndicho mwongo kuliko vyote. Kimeiva, kinajionyesha kibichi. Darubini maskini inatazama uso.

Sikumwambia kitu. Nikachukua jembe nikaenda kupalilia maharage. Nikapalilia matuta manne nagombana na wewe. Niliahidi. Uliniomba kwa pumzi zako za mwisho. Nikisema, watu watajua kwamba jicho la ndani lilikuwa mimi, na jina lako mlima huu wote wanalitaja kwa heshima. Nisiposema, mtoto anarudi nyumbani kwa kosa nililomfundisha mimi. Kwenye tuta la tano nikasimama. Nikakuambia kwa sauti, jirani akadhani nimechanganyikiwa: "Wewe umekufa, Baba Anjela, nami nakupenda. Lakini huyu anayelia jikoni kwangu yuko hai."

Nikatoa ufunguo kwenye rozari.

Skola alisimama nje, kwenye lile jiwe. "Bibi, si umesema mwanamke haingii?"

"Ingia, acha ushamba."

Mivukuto panya walikuwa wameitafuna, tukaishona na kipande cha turubai. Makaa yakashika. Nikachukua jembe la zamani, nikamwamuru alisugue kama alivyosugua nikeli yake, akasugua. Tukaliweka motoni, yeye anavuta, mimi natazama. Lilipoiva nikamwita.

"Tazama uso. Rangi gani?"

"Chungwa. Kama papai."

"Sasa tazama ndani ya tundu."

Akainama. Akasogeza uso karibu mno, nikadhani ameungua. Kisha akasema polepole, "Bibi... humu ndani ni njano."

"Ua la boga. Na ukweli ndio huo wa ndani. Babu yako alinifundisha, nami nilimsomea moto miaka tisa kwa sababu yeye haoni. Nimemaliza."

Akaanza kucheka huku analia, akanikumbatia na masizi yote. "Bibi, jambo hili liko kwenye vitabu! Nimelisoma! Nimefaulu na mtihani wake!"

"Sasa?"

"Sikulikumbuka!"

"Kitabu hakikukuunguza nyusi, ndiyo maana."

Hapo ndipo mpwa wako alipotokea. Anselmi alikuwa amepanda kuchukua kabichi za mke wake, akaona moshi kwenye banda la marehemu, akaja mbio na tumbo lake lile. "Nani kafungua banda la mjomba?" Anatukuta, wanawake wawili, weusi kwa masizi kama mashetani.

"Shikamoo, Mama Anjela. Mnafanya nini humu? Mwanamke ndani ya banda?"

"Marahaba. Miaka tisa nilikuwa humu, Anselmi. Umechelewa."

"Miaka tisa ipi?"

"Tangu ulipokimbilia mageti. Ulidhani nani alivuta mivukuto, malaika?"

Nikamwona anahesabu. Akahesabu, akafika mahali akashika kichwa. "Jembe langu la harusi?"

"Nililiangalia mimi."

"Lile ambalo halijapinda mpaka leo?"

"Hilohilo. Na la kwanza alilokufulia mjomba peke yake, liko wapi?"

"Lilivunjika."

"Ehe."

Nilikuwa tayari kwa lolote. Nilijiambia atapiga kelele, ataita wazee wa ukoo wako, jina lako litatupwa bondeni. Anselmi akaketi chini kwenye fuawe lako, mzee mzima, akaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Akasema, "Miaka yote hii mimi siingii kanisani bila aibu, nikidhani nimemwacha mjomba peke yake gizani."

Ndipo Skola akamweleza shida yake. Nikeli inahitaji tundu. Jembamba, la kina, si kubwa kuliko mbegu ya mchicha, na likienda pembeni kidogo kipande kimeharibika. Hakuwa na kipande cha kuchezea. Anselmi akakishika, akakigeuzageuza, akapuliza. "Drili yangu ya Mafiga inatoboa vitasa vya kabati za watu wenye nongwa. Hiki kitanishinda?" Wakashuka naye siku hiyohiyo. Nimeambiwa alifunga duka, akamfukuza mteja, akatoboa ametoa ulimi nje kama ulivyokuwa unafanya wewe.

Umeona hapo? Ulitaka ufundi upite mkononi mwa mpwa wako. Umepita. Ila njiani ulilala kwangu kwanza.

Wiki mbili simu haikulia. Nilikuwa naipangusa kila saa kama ndiyo inayoumwa. Siku ya tatu ya wiki iliyofuata nikiwa nachambua mchicha ikalia, na sauti ya Skola ilikuwa juu mpaka mbuzi wa jirani wakanyanyua shingo: "Bibi! Nimetazama tundu! Imeyeyuka palepale! Palepale panapoandikwa!" Akarudia na kipande kingine alichotobolewa na Anselmi, palepale. Akarudi kwenye namba zake za umeme na joto, kila moja akaivisha kiatu chake, vikaenea vyote.

Siku ya kutetea kazi yake nilikwenda. Nilivaa kitenge changu cha Pasaka, Anselmi akavaa suti iliyombana. Wakamuuliza, wakamuuliza, mtoto anajibu tu. Mwisho mzee mmoja mwenye upara, ndiye mkali wao, akamuuliza alijuaje kosa liko usoni mwa metali na si kwenye kifaa. Skola akasema, "Bibi yangu amekaa pale nyuma, yeye ndiye aliyejua."

Watu wote wakageuka. Yule profesa akasimama, akasema, "Shikamoo, mama. Ulijuaje?"

Nikasimama, Baba Anjela. Nikakuona wewe na mlango wako uliofungwa. Nikasema, "Marahaba, mwanangu. Mume wangu alikuwa mhunzi, macho yakamharibikia kazini, mimi nikamwangalizia. Kitu kinachong'aa usikisadiki usoni. Hata wewe hapo, kichwa kinavyong'aa, siwezi kujua una joto kiasi gani mpaka nipate tundu."

Chumba kizima kilivunjika kwa kicheko, yeye zaidi ya wote, akajipapasa upara mpaka machozi. Wakampitisha. Nilipiga vigelegele mle ndani mpaka askari wa getini akaja kuuliza kuna nini. Anselmi akamwambia, "Kuna ukoo."

Kwa hiyo hofu yako ile, itupe. Ulidhani watasema majembe yako ni ya mwanamke. Na kweli wamesema! Wanapanda hapa na majembe yao ya zamani, wengine yamebaki kama kijiko, wananiuliza, "Bibi, hili ni la kabla au la baada?" Ya baada ndiyo hayajapinda, samahani mume wangu, ukweli ni ukweli. Lakini nawajibu wote jambo moja: nyundo ilikuwa yake, macho yalikuwa yangu, na jembe halijawahi kukatwa katikati. Jina lako halikupungua. Sasa wanatutaja wawili.

Nakukumbuka vibaya mno. Mkono wako unaotafuta bega langu gizani pale bandani ili ujue nilipo kabla hujainua nyundo. Hakuna aliyewahi kuniamini vile, wala sitegemei tena.

Nakuaga hapa, kazi inanisubiri. Banda liko wazi, jiwe la nje nimelifanya la kukalia. Skola amekuja mapumziko, ndiye anavuta mivukuto kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine, ndiyo maana karatasi ina masizi. Anselmi ameinua nyundo yako, ametoa ulimi, ananisubiri mimi. Nimeinama kwenye tundu.

Uliza basi, kama zamani.

Ua la boga, Baba Anjela. Piga!

Mkeo, macho yako,
Mama Anjela